Fimbo kwanza, tumbo baadaye

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na miezi michache alipoanza kuimba alfabeti. Aliimba A hadi Z bila kukwama, na kila mgeni aliyeingia ndani alipewa burudani hiyo kabla hajakaa vizuri. Wageni walipiga makofi, nami nikavimba kichwa. Niliamini nina mtoto anayejua herufi zote, na kwamba kilichobaki ni kumpa penseli tu.

Siku moja nilikuwa nasoma gazeti, akaja kuniegemea. Nikamwonyesha K kubwa kwenye kichwa cha habari, nikamuuliza, "Hii ni nini, mama?" Akaitazama kidogo, kisha akaanza kuimba kutoka A. Alipofika kwenye K hakusimama. Aliipita kama basi lisilo na abiria wa kushuka, akaenda moja kwa moja hadi Z, halafu akanitazama akisubiri makofi. Nikamwomba aimbe polepole. Akaimba polepole, na hapo nikagundua jingine: kwake yeye L, M, N, O na P hazikuwa herufi tano. Ilikuwa moja tu, ndefu, "elemenopi", aliyoitamka kwa mkupuo mmoja kama jina la mtu anayemfahamu.

Siulaumu wimbo. Unamzoesha mtoto majina, na baadaye atakapotafuta neno kwenye kamusi mpangilio ule utamfaa. Lakini kuimba majina ya watu 26 si sawa na kuwatambua ukikutana nao barabarani, na mimi nilikuwa nimevichanganya vitu hivyo viwili kwa karibu mwaka mzima.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Nilimfundisha majina ya herufi kama nilivyoyazoea mimi, yale ya Kiingereza: ei, bii, sii, dii. Alipoanza kuzitambua moja moja nilimwandikia neno nililoona ni rahisi kuliko yote duniani. Nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Hii?"

"Em."

"Na hii?"

"Ei."

"Hii tena?"

"Em. Ei."

"Haya, ziunganishe."

Akavuta pumzi. "Emeiemei."

Nilicheka, naye akacheka kwa kuwa mimi nimecheka, lakini usiku ule sikulala mapema. Mtoto hakukosea. Alifanya hasa nilichomwambia: alichukua majina manne akayaunganisha. Nani alimwambia kwamba jina la herufi na sauti yake ni vitu tofauti? Kesho yake nikamuuliza jogoo anaitwa nani. Akasema jogoo. Nikamuuliza, je, analia "jogoo, jogoo"? Akaniona mjinga. "Analia kokoriko!" Basi, nikamwambia, na hii hapa inaitwa em, lakini inalia mmmm. Kuanzia siku ile swali letu la nyumbani likawa moja: hii inaliaje?

Hapo kuna kijimtego ambacho sikukiona mpaka nilipokikanyaga. Herufi kama m, s, n, l, f na z unaweza kuzivuta mpaka pumzi iishe, na mtoto anasikia sauti ikiungana na irabu inayofuata: mmmma. Lakini b, t, k, p na d hupasuka mara moja zikaisha. Mtu mzima akitaka kuzitamka peke yake huzibandika irabu bila kujua, anasema "bu" au "be", na mtoto mwaminifu anakusomea "bu-a-bu-a" badala ya baba. Kwa hizo niliacha kuhangaika na sauti tupu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye silabi, ba be bi bo bu, kama tulivyofundishwa sisi, na nikamshikisha kioo aone midomo inavyofunga kabla ya b na jinsi ulimi unavyogusa nyuma ya meno kwenye d. Kioo kile kilikuja kutusaidia kuliko nilivyofikiri.

Kwa Kiswahili tuna bahati ambayo wengi wetu hatuitumii. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika popote inapokaa. Mtoto aliyejua irabu tu tayari anaweza kusoma maneno halisi: ua, oa, au. Mwongezee m peke yake uone: mama, mimi, uma, ama, mume, mea, umia, amua. Ongeza l: lala, lima, lia, mali, ulimi. Kwa herufi saba tu ana maneno zaidi ya kumi, na yote ni maneno anayoyasikia nyumbani. Nilipoligundua hili niliacha mpangilio wa wimbo kabisa. Nilianza na irabu, nikafuata na m na l, kisha k, n, t, s, halafu zilizobaki kadiri alivyozitaka. Q na X niliziacha mwisho, nikamwambia ni wageni, tutawaona kwenye majina ya watu na maneno ya lugha nyingine. Na C? Kwa Kiswahili haitembei peke yake, siku zote imeshikana mkono na h. Aliipenda habari hiyo. Kila akiona ch alikuwa anasema, "Hawa hapa, hawajaachana."

Usifikiri kila kitu kilinyooka. Neno "mlima" lilimtesa wiki nzima. Alikuwa amezoea kwamba m lazima iwe na irabu nyuma yake, kwa hiyo akaisomea irabu isiyokuwepo: "milima". Mlima mmoja ukawa mingi. Na siku alipokutana na ng'ombe kitabuni aliuliza, "Hiki kidudu cha juu ni cha nini?" Nikamwambia aseme ngoma, halafu aseme ng'ombe, asikilize puani. Alisema yote mawili kama mara ishirini, akiwa ameshika pua.

Kusoma, basi, tulikwenda hivyo, kwa kupapasa. Kuandika ndiko nilikomwumiza.

Nilinunua daftari lile la herufi za nukta nukta, ambalo mtoto anafuatisha kwa penseli. Alijaza ukurasa wa A, safi kabisa. Akajaza wa pili. Nikajiona mwalimu. Nikampa karatasi tupu, nikamwambia andika A. Aliitazama karatasi kama mtu aliyeshushwa usiku kwenye kituo asichokijua. Hakuweza. Nikamrudisha kwenye nukta, safari hii nikakaa kando yake na kuangalia mkono badala ya karatasi. Alianza A kwa kile kimstari cha katikati. Akapanda kulia, akashuka, akarukia chini kushoto, akapanda tena. Kila A ilikuwa na safari yake. Ukurasa ulionyesha A ishirini zinazofanana, kumbe mkono ulikuwa umefanya mambo ishirini tofauti, na hakuna hata moja lililobaki kichwani. Alikuwa anaunganisha nukta. Hakuwa anaandika.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa mwaka 2012 wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, uliowahusu watoto wa miaka mitano ambao walikuwa bado hawajui kusoma. Walifundishwa herufi kwa njia tatu, kuandika wenyewe kwa mkono, kufuatisha na kubonyeza kibodi, kisha ubongo wao ukapigwa picha wakiwa wanaziangalia herufi zile. Sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka zaidi kwa herufi walizoziandika wenyewe kuliko zile walizozifuatisha au kuzibonyeza. Maelezo moja yanayotolewa ni kwamba mtoto akiandika mwenyewe, kila a anayoitoa ni mbovu kwa namna yake, na ubongo unalazimika kujifunza ni nini kinachozifanya zote kuwa a. Nilipolisoma hilo nilikumbuka daftari lile na A zake ishirini zilizopendeza.

Na kwa nini nilianza na A? Kwa sababu ni ya kwanza kwenye wimbo. Lakini mkono wa mtoto haufuati wimbo. Watoto wengi huweza kuchora mstari wa kusimama kwanza, kisha wa kulala, duara linakuja karibu na miaka mitatu, msalaba karibu na minne, mraba baada ya hapo. Mistari ya mshazari, ile ya A, K, V na X, huchelewa. Kwa hiyo nilikuwa nimempa mtoto wangu mojawapo ya herufi ngumu kuliko zote siku ya kwanza, wakati I, L, T na O zilikuwa zimekaa zinamsubiri.

Kuna na suala la mkono wenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa minane midogo. Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa yake bado ni gegedu, nayo hugeuka mfupa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mmoja wao, mdogo kuliko wenzake karibu wote, kwa kawaida hauanzi kugeuka mfupa mpaka mtoto akaribie miaka tisa au kumi. Nilikuwa namlalamikia binti yangu kwamba anashika penseli kwa ngumi kama anayetaka kumchoma mtu, kumbe mkono ulikuwa unafanya kilichowezekana. Hotuba zangu kuhusu vidole vitatu hazikumsaidia hata kidogo. Kilichomsaidia ni vibanio vya nguo. Nilimpa kazi ya kuanika soksi, akawa anabana na kubanua asubuhi nzima kwa kidole gumba na cha shahada. Tulichana karatasi, tukafinyanga udongo, tukafungua na kufunga vifuniko vya chupa. Na nilivunja chaki na krayoni zote vipande vifupi, vya urefu wa kiungo cha kidole. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi hata ukitaka, vidole vinajipanga vyenyewe.

Lakini hayo niliyajua nikiwa nimechelewa. Kabla yake kulikuwa na raba.

Alikuwa akiandika E. Watoto wana ukarimu na E. Wakishajua kwamba ina vimstari vya pembeni hawaoni sababu ya kuishia vitatu. Yake ilikuwa na vitano, kama ngazi iliyokatwa nusu. Nikaifuta. Nikamwambia, "Vitatu tu." Akaandika vinne. Nikafuta. Akaandika vinne tena, vya juu vimebanana kwa sababu alikumbuka katikati ya safari kwamba vinatakiwa vichache. Nikafuta. Mara ya nne karatasi ilipasuka. Alinyoosha kiganja akakiweka juu ya tundu, akalifunika, akasema kwa sauti ndogo, "Karatasi imechoka."

Hakuandika tena kwa wiki kadhaa. Ukimpa penseli anasema, "Sijui kuandika," mtoto ambaye kabla ya hapo alikuwa anachora hadi kwenye miguu yake mwenyewe. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. Aliyaona hayo siku mbili bila kusema neno, ya tatu akaniita jikoni. "Wewe uliandika nne kinyume mpaka darasa la pili," akaniambia. "Nani alikufuta? Mwache mwanangu apumue, herufi hazihami." Nilikasirika, kwa kuwa sikukumbuka kuandika nne kinyume. Baadaye alinionyesha daftari langu la zamani. Nne zote zilikuwa zimetazama upande wa pili, mstari hadi mstari, na mwalimu alikuwa ameweka vema.

Binti alirudi mwenyewe, kwa mlango wa nyuma. Alianza kuandika "orodha" zake za kuchezea duka, mistari ya mawimbi ambayo haikuwa na herufi hata moja, halafu siku moja katikati ya mawimbi ikatokea A, halafu M. Nilijiuma ulimi. E ya vimstari vitano ilidumu miezi miwili zaidi, ikapungua yenyewe.

Mdogo wake alipofika umri huo nilikuwa mtu mwingine, au nilijaribu kuwa. Sikumnunulia daftari la nukta. Nilisubiri aulize, na alichouliza kwanza ni jina lake. Linaanza na S, na nilipomwonyesha S hiyo aliichukua kama mtu aliyekabidhiwa hati ya kiwanja. Kila palipokuwa na kitu kimejikunja aliiona: bomba chini ya sinki, kamba iliyolala sakafuni, mkufu wangu. "Mama, hii ni yangu!" Siku moja alikuja kumshtaki dada yake kwamba anaiandika S bila ruhusa. Watoto wengi hujua herufi ya kwanza ya jina lao kabla ya nyingine zote, ningelijua hilo mapema ningeanzia hapo kwa wote wawili. Kutoka jina lake tulikwenda kwenye jina la dada, kisha la baba, kisha la paka, na kabla sijapanga lolote tayari tulikuwa na herufi kama kumi hivi.

Tuliandika kwa ukubwa kwanza. Nilimpa brashi ya rangi na ndoo ndogo ya maji, akaandika ukutani nje, herufi kubwa kama yeye, kwa bega na kiwiko. Uzuri wa maji ni kwamba yanakauka. S iliyokosewa inaondoka yenyewe bila mtu kuifuta, na mtoto anaiaga. Baadaye tulihamia kwenye sinia ya mchanga, kidole kimoja. Nilikata pia herufi za msasa, nikazigandisha kwenye vipande vya kadibodi. Hilo si wazo langu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alifanya hivyo: mtoto anapapasa herufi kwa vidole, kwa mwelekeo uleule wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Jicho, kidole na mdomo kwa wakati mmoja. Za kwangu zilikuwa zimekatwa ovyo, k ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mpaka leo k ya mwanangu inachechemea vilevile.

Nilidhani sasa nimeivisha. Ndipo ilipokuja siku ya barua.

Alikuwa na miaka mitano na nusu. Alijifungia chumbani muda mrefu, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaenda kuiweka juu ya mto wa baba yake. Dada mtu, ambaye hakuna kitu kinachompita, aliifuata, akaifungua. Kelele zikaanza. Nilipofika, mmoja ameshika karatasi juu, mwingine anarukaruka chini yake analia.

"Ni ya kwangu! Imeandikwa dada!"

"Si yako! Ni ya baba!"

"Soma basi! Imeandikwa nini hapa?"

Nikaichukua. Kulikuwa na mtu mwenye miguu mirefu, jua, na chini yake kwa herufi za kijani: dada nakupenda. Nilimtazama kijana wangu. Alikuwa anatazama karatasi ileile, anaona kabisa neno "baba", na haelewi kwa nini nyumba nzima inamwonea. Dada yake hakuwa mwongo, imeandikwa dada. Yeye naye hakuwa mwongo, aliandika baba. Sidhani kama kuna lugha nyingi ambazo kugeuza tumbo la herufi moja kunabadilisha mwenye barua namna ile.

Nilichofanya kwa bahati nzuri ni kutoigusa karatasi. Nilimuuliza, "Uliandikia nani?" Akasema baba. "Basi ni ya baba." Baba yake alipoifungua usiku aliisoma kimya, akaenda kumkumbatia, na hakusema chochote kuhusu herufi. Dada alinuna hadi siku iliyofuata, akaandikiwa ya kwake. Ya kwake ilisema "baba".

Baada ya tukio lile nilijifunza kwa nini. Kichwa cha mtoto kimetumia miaka yote ya kwanza kujifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe ni kikombe mkono wake ukiwa kulia au kushoto. Mbwa ni mbwa akitazama huku au kule. Uwezo huo ni mzuri, bila huo asingeitambua nyumba yake akirudi kutoka upande mwingine. Halafu tunakuja na herufi, tunamwambia: hapa tu, kwenye karatasi, mambo ni tofauti. Fimbo yenye tumbo kulia ni b. Igeuze ni d. Ipindue ni p. Unataka aache kwa siku moja jambo ambalo ubongo wake umelishika tangu uchanga! Ndiyo maana kuandika herufi zilizogeuka, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ni jambo la kawaida kwa watoto wa miaka minne, mitano, sita, na wengi huliacha wenyewe kufikia miaka saba au minane. Si uzembe wala akili ndogo.

Kosa nililofanya mimi ni kumfundisha b na d wiki moja, zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu, nikimwambia, "Angalia tofauti." Ukiwaweka mapacha pamoja siku ya kwanza utawachanganya maisha yako yote. Niliiondoa d kabisa. Tulikaa na b peke yake karibu mwezi: baba, bibi, babu, bata. Na niliacha kumwambia tumbo liko upande gani, kwa kuwa kulia na kushoto kwenyewe vilikuwa bado vinamyumbisha. Nilimpa mwendo badala ya upande. B ndogo huanza na fimbo: shuka chini, panda kidogo, zungusha tumbo. Fimbo kwanza, tumbo baadaye. Tulisema hivyo ukutani na brashi, mchangani, hewani, na mgongoni. Nilimwandikia mgongoni kwa kidole akabahatisha, halafu akaniandikia mimi. Midomo inafunga, fimbo inashuka.

D ilipoingia, iliingia na mwendo wake. Huanza kama c, mviringo kwanza, ndipo unapanda juu na kushusha mstari. Tumbo kwanza, fimbo baadaye. Akikwama katikati ya neno nilikuwa namsikia ananong'ona, "Ba... midomo... fimbo," na mkono unashuka. Hapo ndipo kile kioo cha dada yake kilipolipa deni lake. Jicho lilikuwa bado linasitasita, lakini mdomo na mkono vilikwisha kujua.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vyenyewe vinaliharibu. A ndogo ya chapa mara nyingi ina kofia, a ya mkono ni mviringo na mkia. Mwanangu aliniambia kitabu kimekosea. Nilimwonyesha kwamba hata mtu hubadilisha kofia, akakubali shingo upande. Kubwa na ndogo pia: S na s, O na o, V na v ni mtu na mwanawe, lakini G na g, R na r, D na d hazina udugu wowote wa kuonekana. Hizo nilizifundisha kama majina mawili ya mtu mmoja, polepole, ndogo zikitangulia kwa sababu ndizo zinazojaa kitabuni.

Mtoto wa dada yangu anatumia mkono wa kushoto. Kwake nilichohitaji kubadilisha ni kidogo: karatasi iinamishwe upande wake, ashike penseli juu kidogo ili aone anachoandika, na asikae kushoto kwake mtu anayeandika kwa mkono wa kulia maana viwiko vitagombana. Zaidi ya hapo, mwacheni.

Yupo na mtoto wa rafiki yangu ambaye tulimwita mvivu wa herufi mpaka alipopimwa macho. Alikuwa haoni. Tangu hapo, mzazi akinilalamikia kuhusu mtoto asiyeshika herufi namuuliza kwanza habari ya macho na masikio. Na mtoto akipita miaka minane bado herufi zinamgeuka, na kusoma kunamwumiza, hapo sisubiri bibi aseme herufi hazihami. Hapo unatafuta mtaalamu.

Muda tuliotumia ni dakika kumi, siku nyingine tano. Nilikuwa nasimamisha mchezo yeye akiwa bado anautaka, jambo lililoniuma mimi kuliko yeye. Siku ambazo nilikazana "tumalizie hii moja tu" ndizo siku ambazo kesho yake penseli ilipotea kimiujiza chini ya kitanda.

Sasa mwanangu ana miaka saba. B na d zimetulia, isipokuwa akiwa na haraka au hasira. J ndiyo inayomsumbua bado. Mkia wake anaupeleka kulia, kama herufi nyingi zinavyotazama, na sielewi kwa nini nayo isitazame huko. Wiki iliyopita aligombana na dada yake, akabandika karatasi mlangoni mwa chumba, herufi kubwa nyekundu zilizokandamizwa mpaka karatasi imetoboka: USIJE. J imegeuka. Nilisimama pale na kikapu cha nguo mkononi, nikaisoma mara mbili. Kisha nikabisha hodi.